Kiti Kilichokuwa Wazi Kwenda Mbeya

Juzi mwenye duka la vitenge pale Mbugani aliniuliza, huku anapima kitambaa changu, kama kwenda Mbeya ni bora basi la Kosta au gari dogo. Ana harusi ya mpwa wake huko. Ni mwanamke wa mjini, babu yake alitoka pwani na mizigo ya biashara akabaki Kyela, na tunaheshimiana siku nyingi. Nikamwambia, dada, kwenu nyinyi hilo ni swali la nauli na mgongo. Kwetu sisi ni swali la nani mkwe wa nani. Alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Alipoona mimi sicheki akanisogezea kigoda, akasema haya, nieleze.

Nilimweleza, na nitaeleza tena hapa, maana hasira yangu haijaisha na sioni kwa nini iishe.

Mimi nimeolewa Talatala, kwa watu wa mpunga na kokoa. Kwetu Wanyakyusa mke hakutani na baba wa mume wake. Hamwangalii, hamsemeshi, hapiti njia anayoipita yeye. Tunaita ukutila, yaani kuogopa, ila si kuogopa kama unavyomwogopa mbwa. Ni heshima, na inakwenda pande zote mbili, kwa sababu naye ananikwepa mimi. Akija kwetu hukohoa akiwa bado kwenye migomba, kikohozi kimoja kikavu kisicho na mafua, ili nijue anakuja. Nikikisikia naacha ninachofanya, hata kama sufuria iko motoni, natokea mlango wa nyuma. Watoto ndio wanaompelekea chakula nilichopika. Kanisani yeye hukaa mbele upande wa wanaume, mimi nakaa karibu na mlango ili ibada ikiisha niwahi kutoka. Miaka yote ya ndoa yangu nimempikia mtu ambaye uso wake siujui vizuri. Namjua kwa kofia yake akiwa anaondoka, kwa raba zake anapozivua barazani, na kwa kile kikohozi.

Ziko familia zilizokwisha kuacha, hasa waliohamia mijini. Yetu haijaacha, na sikuwahi kulalamika. Nataka hilo lieleweke, maana nikianza kusema watu hudhani mimi ni wale wanaosoma kidogo wakaona aibu ya kwao. Mimi nilizaliwa ndani ya mila hii. Mama yangu aliishi nayo mpaka mkwewe alipofariki, na alinifundisha nikiwa bado nasuka ukili. Kilichoniudhi si mila. Kilichoniudhi ni watu walioitumia.

Mama alikuwa amelazwa Mbeya, ana uvimbe tumboni. Tulijua atapasuliwa, ila siku ilikuwa inasogezwa kila wakati. Jumapili moja mchana mdogo wangu anayeishi huko akapiga simu: wamesema kesho, asubuhi. Mara mama akamnyang'anya simu. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini amri ilikuwa ile ile.

"Njoo kabla sijaingia," alisema. "Nina neno la kukuambia, na si la kwenye simu."

Nikamwambia nakuja mama, nitakukuta. Na sikuwa na wasiwasi hata kidogo, kwa sababu gari lilikuwa limesimama uani kwetu. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa ametoka Mbeya asubuhi hiyo kuja kumchukua baba yao kumpeleka kwa daktari wa macho. Walikuwa wanaondoka kesho yake. Dereva mmoja, mgonjwa mmoja, na kiti chote cha nyuma kitupu. Mungu akupe nini tena?

Tulikaa watatu chini ya ukingo wa paa, mimi, mume wangu na shemeji. Baba mkwe hakuwepo; alikuwa kwake, ng'ambo ya migomba, anafungasha. Nikawaeleza habari ya mama. Wakasikitika sana. Shemeji alitoa pole mpaka nikaona huyu kweli ni ndugu.

"Basi nitapanda na nyinyi," nikasema. "Nyuma pako wazi."

Shemeji akamwangalia kaka yake. "Nafasi ipo, shemeji. Ila mzee yupo."

"Atakaa mbele. Mimi nitakaa nyuma yake, nimejifunika khanga mpaka utosini. Tena macho yenyewe ndiyo hayo yanayopelekwa hospitali."

"Kuna kioo," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Alikuwa na maana ya kile kioo cha ndani, cha dereva kuangalizia nyuma. Eti mzee akiinua kichwa anaweza kuniona humo. Nikamwambia kigeuze. Akasema akikigeuza hataona magari ya nyuma, na trafiki wa Tukuyu ni wakali. Mtu amesoma mpaka chuo, jamani, ana suruali ya kupiga pasi, na anakaa kunihesabia kioo.

Mume wangu naye, badala ya kunisaidia, akaleta la kwake. "Na matuta je? Gari likiruka ukamgonga mzee bega?"

"Basi nendeni mkamuulize mwenyewe," nikasema. "Aseme yeye kama hataki."

Wote wawili wakashtuka kama nimetukana. Mume wangu akasema mzee haulizwi mambo ya mkwewe, kumuuliza tu ni kumvunjia heshima. Shemeji akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama shemasi. Kisha akanipa ushauri wake, kwa upole ule wa mtu aliyekwisha kuamua: "Panda Kosta ya kwanza, shemeji. Inakwenda moja kwa moja. Utafika hata kabla yetu."

Kabla yetu. Neno hilo nimelihifadhi.

Nilitoka kwa bodaboda kabla jua halijatoka, nikafika stendi ya Kyela, na kweli Kosta ya kwanza ilikuwa pale, injini inanguruma, imejaa. Mpiga debe akanishika begi: "Mama Mbeya moja kwa moja, bado mmoja tu, ni wewe." Nikakata tiketi nikaketi. Nilipoketi tu, watu wakaanza kushuka. Mmoja, mwingine, yule wa dirishani akanipungia mkono kabisa. Walikuwa vijana wa stendi waliokaa ili gari lionekane limejaa. Tulibaki wachache, na injini bado inanguruma kutudanganya. Mama mmoja wa Bondeni mwenye madebe ya dagaa akaniambia tulia mwenzangu, haya ndiyo yetu. Sikutulia. Nilishuka nikamwambia yule mpiga debe maneno ambayo sitayaandika, akaniambia, "Kama una haraka si ungepanda gari dogo?"

Nilitamani kulia, kwa kuwa hakukosea.

Tuliondoka jua limeshapanda. Njia nzima mpaka Tukuyu tulikuwa tunapandisha na kushusha, mkungu unaingia, kuku anatoka, na mimi nina simu mkononi. Mdogo wangu aliandika: umefika wapi? Nikajibu nakaribia, na nilikuwa sijakaribia chochote. Tukuyu tukasimama tena, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Hapo ndipo nilipoliona gari la shemeji.

Lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara, penye wauza parachichi. Walikuwa wamechelewa kuondoka nyumbani na bado wametukuta. Shemeji alikuwa amesimama nje ananunua. Nyuma, kwenye kile kiti changu, amekaa mwanamke. Simjui. Khanga ya njano, begi kubwa, mkono nje ya dirisha anachagua parachichi kama mwenye gari. Pembeni yake mwanamume mwingine na furushi. Abiria. Shemeji alikuwa amepakia abiria wa nauli njiani.

Na baba mkwe wangu, pale mbele, alikuwa amempakata mtoto wa yule mwanamke. Mtoto anamvuta kofia, na yeye anacheka.

Mwanamke ambaye hajawahi kumpikia hata uji yuko nyuma yake, anamuona kwenye kioo asubuhi nzima, na mbingu hazijaanguka. Mimi ninayejua kuwa hali kambare, kuwa chai yake haitaki majani mengi, mimi ndiye ninayeweza kumgonga bega kwenye tuta. Nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuipata maishani. Na unajua nilifanya nini? Niligeuza uso. Niligeukia upande wa pili, kwa sababu baba mkwe alikuwa mbele yangu na mimi ni mkwe, na mwili haukuningoja nifikiri. Hasira imenijaa mpaka kooni na bado natii. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko abiria wenyewe.

Gari lao likaondoka. Sisi tukabaki kumsubiri abiria aliyekwenda kujisaidia.

Kufika Uyole, kabla ya kuingia Mbeya mjini, konda akatangaza kwamba gari haliendelei, tunafaulishwa. Moja kwa moja yao ndiyo hiyo. Tukahamishwa na mabegi yetu kwenye gari jingine ambalo nalo lilikuwa linasubiri kujaa. Niliacha nauli yangu humo nikachukua bajaji.

Mdogo wangu nilimkuta kwenye benchi, nje ya wodi, ameshika khanga ya mama imekunjwa. Nilipoiona tu ile khanga nikajua.

"Ameingia," akasema. "Alimwomba nesi amsubirie kidogo. Alimwambia binti yangu anakuja na gari la shemeji yake. Nesi akasubiri mara ya kwanza, akasubiri na ya pili. Walipomsukuma alikuwa ameinua kichwa anaangalia mlango."

Nilikaa kwenye lile benchi na sikuwa na mtu wa kugombana naye. Nilimgombeza mdogo wangu kwa nini alimwambia mama habari ya gari, akalia, nikalia na mimi. Wakati huo huo, katika mji huo huo, shemeji alikuwa amekwisha kumfikisha baba yake na kushusha abiria wake.

Mama hakufa. Nasema mapema ili usikae roho juu kama nilivyokaa mimi. Walimtoa salama, na kesho yake alikuwa anajua watu, analalamikia uji. Nilipomaliza kumnywesha nikamuuliza, mama, lile neno ulilotaka kuniambia ni lipi?

Akanitazama kidogo. "Lile lilikuwa neno la mtu anayekwenda kufa," alisema. "Sikufa. Limeshapita."

"Niambie tu."

"Limeshapita, mwanangu. Ungewahi, ungelisikia."

Ndipo nikamwaga yote: kioo, matuta, stendi, yule wa khanga ya njano. Nilitegemea kwamba mama, mwenye mshono tumboni, aliyeinua kichwa kuangalia mlango, atakasirika nami tukasirike wawili. Mama akafumba macho akasema, "Walifanya vizuri. Ungekuja na mkweo kwenye gari moja, mimi ningetazama wapi?"

Nikatoka nje ya wodi nikazunguka jengo zima kwa hasira. Hata yeye. Umemsubiri mtu mlangoni mwa kifo, hakuja, na unawashukuru waliomchelewesha.

Siku zikapita, mama akaruhusiwa. Alitaka kwenda kwake Ipinda, na mimi nikae naye mpaka apone. Daktari akasema asipande basi, mshono bado mbichi, hautaki misukosuko. Nilikuwa bado nawaza nitapata wapi gari la kukodi, simu ikaita. Shemeji.

"Shemeji, namrudisha mzee kesho. Safari hii twende wote, wewe na mama."

"Na kioo?" nikauliza.

Akacheka kidogo. "Mzee kafungwa macho. Jicho moja wamelipasua lina bandeji, na lile jingine unajua halioni kitu. Nimemwambia nampa lifti mama yako pamoja na mdogo wako. Wewe kaa kimya tu njiani. Hatajua."

Hatajua. Kwa hiyo mama yangu alipokuwa anasukumwa kuingia kwenye kisu, heshima ya mzee ilikuwa kubwa mno, hata kuulizwa haulizwi. Leo heshima hiyo hiyo inatosha kufunikwa na bandeji, na mzee anadanganywa mchana kweupe na mwanawe wa kumzaa. Nilitaka kumkatia simu. Nikamwangalia mama amejishika tumbo ili apige chafya, nikasema haya, tutakuja.

Mama hakutaka. Akaniambia mimi nitapanda, wewe nifuate na Kosta. Nikamwambia mama, safari hii hakuna Kosta, na nani atakushika kwenye matuta? Akaanza kukunja khanga zake. Asubuhi nikamweka upande wa kulia, nikampakata nusu, mto tumboni. Baba mkwe alikuwa ameshakaa mbele, bandeji jichoni, kofia juu yake. Wakasalimiana yeye na mama kwa Kinyakyusa, vizuri, kikubwa, wakapeana pole za hospitali. Mimi nikavuta pumzi nikaifungia ndani.

Sikusema neno Uyole. Sikusema neno Kiwira, shemeji aliposimama kununua ndizi, ingawa mama alikuwa na kiu na ilibidi nimwonyeshe chupa kwa kidole kama bubu. Kila tuta nilimbana mama kwa mikono yote miwili, naye anang'ata khanga asipige kelele. Niliona sehemu ya shingo ya baba mkwe chini ya kofia, nikaangalia magoti yangu.

Tulipoipita Tukuyu, tunashuka kuelekea kwetu na joto linaanza kuingia madirishani, baba mkwe akakohoa.

Kikohozi kimoja, kikavu, kisicho na mafua.

Mkono wangu ulikwenda kwenye kitasa cha mlango. Naapa. Gari liko kwenye mwendo, nimempakata mgonjwa, na mkono unatafuta mlango wa nyuma wa kutokea. Mama akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Nyuma yangu amekaa nani?" baba mkwe akamuuliza mwanawe.

"Mama, na mdogo wake shemeji."

"Yule wa mjini hawezi kuninyamazia kutoka Mbeya mpaka hapa," alisema. "Anayeninyamazia hivi ni mmoja tu."

Shemeji akaangalia barabara kwa bidii sana.

"Siku ile ya kuja, mama yake akiwa hospitali, alisafiri na nini?"

"Kosta, baba."

"Na yule mama wa mtoto, alikaa kwenye kiti cha nani?"

"Baba, ni mila tu. Tulikuwa tunakuheshimu wewe."

"Mila ni yangu na yake," baba mkwe akasema, bila kupandisha sauti. "Wewe umeingiaje? Ungeniambia, ningepanda Kosta mimi. Ninaumwa macho. Siumwi miguu."

Hapo, nikifuata nilivyolelewa, ningetulia, nikafurahi kimoyomoyo kwamba mzee amenitetea. Na kweli kitu kilinilainika kifuani. Lakini nikamkumbuka amempakata yule mtoto pale Tukuyu, anacheka, kiti kimejaa watu wasiojulikana, na tangu nyumbani anajua fika kuwa mama wa mkwewe amelazwa huko anakokwenda. Nilifungua mdomo. Salamu haikutoka, ingawa hilo lingekuwa neno langu la kwanza kwake tangu niolewe, na lilistahili kuwa salamu.

"Baba," nikasema, "na wewe hukuuliza."

Mama alinifinya paja mpaka nikaona nyota. Shemeji akapunguza mwendo kama amepigwa mkono na trafiki. Baba mkwe hakugeuka.

"Sikuuliza," akasema. Na hilo hakumwambia mwanawe.

Tukafika Ipinda. Nikamshusha mama, nikamshika kwapani, tukaingia ndani bila kuangalia nyuma. Jioni mume wangu akanipigia, amekwisha kusimuliwa, anauliza ni kweli nimemjibu mzee. Nikamwambia nimemjibu, na wewe jiandae, zamu yako inakuja.

Mwenye duka aliponisikiliza mpaka hapo akauliza, kwa hiyo siku hizi mnaongea? Nikamwambia hapana. Nilirudi Talatala na mila iko pale pale. Akikohoa natokea mlango wa nyuma. Ila sasa akishakohoa husimama hapo hapo kwenye migomba, na kama kuna gari linakwenda popote, huuliza kwa sauti, bila kumtaja mtu, "Kuna mwenye safari?" Nami najibu nikiwa nyuma ya nyumba.

Lile neno la mama bado sijalipata. Wiki iliyopita nilimuuliza tena, tunachambua mchele, akaniambia limeshapita.